Sura ya Sita: Wana Lambalamba

Klabu za mpira nchini Tanzania huwa hazijipi majina ya utani, zinapewa. Azam FC ilianza mwaka 2004 ikiwa timu ya wafanyakazi wa kampuni za Said Salim Bakhresa, ikiitwa Mzizima. Ikapanda Ligi Kuu mwaka 2008, na haikuchukua muda wapenzi wa soka wa Dar es Salaam wakaibatiza Wana Lambalamba. Lambalamba ni aiskrimu ya kijiti, ile inayotolewa kwenye sanduku la baridi lililofungwa kwenye baiskeli ya miguu mitatu na kulambwa njiani kabla jua halijaiwahi. Kampuni ilikuwa na mengi ya kutajwa nayo. Ilikuwa inasaga ngano, inaoka mikate, ina boti za kwenda Unguja. Mtaa ukayaruka yote hayo ukachagua bidhaa ndogo kabisa, ambayo mteja wake mkuu ni mtoto aliyetumwa dukani akaambiwa chenji ni yake. Nadhani mtaa ulichagua vizuri, tena ulichagua kwa kujua.

Hoja ya sura hii ni kwamba chapa ya vitafunwa huingia kwenye utamaduni wa mji kwa njia ya sarafu. Pale muuzaji mdogo na mnunuzi mdogo wanapopeana mia mbili ndipo jina la bidhaa linapoacha kuwa mali ya mwenye kiwanda peke yake. Likishafika hapo, watu hao wawili nao wamekuwa wajenzi wake, na yeyote anayeandika historia ya chapa hiyo bila kuwataja ameandika nusu. Vitabu vya biashara vinapenda kusimulia kinyume chake: mtu mmoja mwenye maono, kiwanda kimoja, kisha umma unaopokea. Maono yalikuwepo, na viwanda vipo. Lakini umma wa Dar es Salaam haukupokea tu.

Mahali pa kuipimia hoja hii ni Buguruni. Barabara ya Uhuru inatoka Mnazi Mmoja, inapita ubavuni mwa Kariakoo na katikati ya Ilala, inaingia Buguruni na kukutana na Barabara ya Mandela, njia ya malori yanayotoka bandarini kuelekea Ubungo na mikoani. Kwa hiyo Buguruni ni mtaa wa kuishi na pia ni mahali pa kupita. Watu wanashuka daladala moja na kusubiri nyingine, wapagazi wanashusha machungwa na viazi sokoni, mafundi, makondakta na wanafunzi wote wako barabarani kabla hakujapambazuka sawasawa. Watu wa aina hii hawali mlo wa mezani asubuhi. Wanakula wakiwa wamesimama, na wanakula kwa fedha iliyo mkononi wakati huo. Toka Sheli hadi Rozana, toka Malapa hadi Kwa Mnyamani, kitafunwa ndicho chakula cha kwanza cha siku, na bei yake lazima ilingane na sarafu: mia, mia mbili, au jero, yaani mia tano, ambayo tangu mwaka 2014 nayo imekuwa sarafu. Kitafunwa cha shilingi mia tatu na themanini hakiwezi kuuzwa Buguruni hata kiwe kitamu namna gani, kwa sababu hakuna wa kuhangaika na chenji yake.

Ukitafuta keki ndogo katika mazingira haya, ile inayoshikwa kwa mkono mmoja na kumalizwa kwa matonge manne, utaikuta, ila haina karatasi wala nembo. Inaitwa hafkeki, na wengi wanaiita kangumu. Ni unga wa ngano, sukari, beking pauda, mafuta au siagi kidogo na hiliki kwa mwenye uwezo. Unga hukandwa ukawa mgumu kuliko wa maandazi, husukumwa ukiwa mnene, hukatwa vipande vya mraba, kisha huingizwa kwenye mafuta ambayo hayajachemka sana. Hapo ndipo ujuzi ulipo. Moto ukiwa mkali, kangumu huwahi kubadilika rangi nje na kubaki mbichi ndani. Moto ukiwa wa taratibu hupanda polepole, hupasuka juu na kufunguka kama ua, na mpasuko huo ndio cheti chake, maana mnunuzi huangalia mipasuko kabla ya kutoa fedha. Ikipoa huwekwa kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, na inakaa siku tatu nne bila kuharibika. Andazi halina uvumilivu huo. Ndiyo maana kangumu inasafiri: inabebwa kichwani, inapandishwa daladala, inafika mashuleni, inaingia kwenye mkoba wa mfanyakazi wa zamu ya usiku.

Kitafunwa hicho hakina chapa, na mtu anaweza kuuliza kwa nini nakileta kwenye sura inayohusu chapa. Nakileta kwa sababu chapa imo ndani yake. Mpikaji wa kangumu na maandazi hununua unga, na akiulizwa anatumia unga gani, hatajibu "wa ngano" tu, atataja jina. Unga wa Azam ni moja ya yale majina ambayo mwanamke wa Buguruni anayataja kama fundi anavyotaja aina ya saruji, kwa maana ya ubora anaoutegemea, unga unaoumuka leo kama ulivyoumuka jana. Mteja anayekula andazi haoni jina hilo, lakini mpikaji analijua, na mpikaji ndiye anayewaambia wenzake, mabinti zake na jirani anayetaka kuanza biashara. Kisha kiroba kikiisha unga hakitupwi. Salfeti lenye maandishi ya kiwanda linabeba mkaa, linabeba machungwa sokoni, linajazwa mchanga kuzuia maji ya bonde la Msimbazi yasiingie uani. Jina la kiwanda linaishi mtaani miezi mingi baada ya unga wake kuliwa, na hakuna aliyelipwa kulitangaza.

Ili kuelewa kwa nini unga unaopatikana kila siku ulikuwa jambo kubwa kiasi cha kuweza kumpa mtu jina, inabidi kurudi nyuma kwenye miaka ambayo haukupatikana. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 nafaka zote kuu zilikuwa mikononi mwa Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC. Ukame wa 1973 na 1974, kupanda kwa bei ya mafuta duniani, kisha vita vya Kagera vya 1978 na 1979, viliikausha nchi fedha za kigeni. Mkate, sukari, sabuni na unga vikawa vitu vya foleni. Mwaka 1983 serikali, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, iliendesha kampeni dhidi ya wahujumu uchumi na watu walikamatwa kwa kuficha bidhaa ambazo leo zinarundikwa mlangoni mwa duka lolote. Katika shida hiyo nchi ililetewa mahindi ya njano kutoka nje. Unga wake ulikuwa na rangi ambayo Watanzania hawakuizoea kwenye ugali, na watu wa mjini hawakuhitaji tume ya kuupa jina. Wakauita unga wa Yanga, kwa rangi ya jezi za klabu ya Jangwani.

Jambo hili halijapewa uzito unaostahili. Katika mji uleule, ndani ya kizazi kimoja au viwili, chakula kilipewa jina la timu na baadaye timu ikapewa jina la chakula. Wakati wa dhiki, timu ndiyo iliyokuwa imara na chakula ndicho kilichokuwa kigeni. Yanga ilikuwepo tangu 1935, kila mtu aliijua, na unga ule wa ajabu ukaeleweka kwa kupitia kwake. Wakati wa Azam mambo yalikuwa yamegeuka. Chakula ndicho kilichokuwa kimezoeleka na timu ndiyo iliyokuwa ngeni, kwa hiyo timu ikaeleweka kwa kupitia lambalamba. Watu hutaja kisichojulikana kwa kukiegemeza kwenye kinachojulikana, na kujulikana kwa kitafunwa cha Azam kufikia kiwango cha kuibeba timu ya Ligi Kuu ni kipimo cha nafasi yake katika maisha ya mji ambacho mtafiti yeyote wa masoko asingeweza kukipata kwa dodoso.

Maisha ya Bakhresa mwenyewe yanafahamika kwa muhtasari na watu wengi wa Dar es Salaam. Alizaliwa Zanzibar mwaka 1949, akaacha shule akiwa na miaka 14, akauza urojo, na miaka ya 1970 akawa na mgahawa Dar es Salaam. Milango ya biashara ilipoanza kufunguliwa chini ya Ali Hassan Mwinyi, aliyeingia madarakani Novemba 1985, na viwanda vya umma vilipoanza kubinafsishwa katika muongo uliofuata, alikuwa tayari kwenye chakula na alibaki kwenye chakula. Leo kundi lake la kampuni linasaga nafaka katika nchi kadhaa za Afrika. Katika simulizi hii naona jambo moja kubwa kuliko utajiri: kwamba mtu aliyeanza kwa kuuza sahani ya urojo alijua tangu mwanzo uzito wa fedha ndogo. Mteja wa urojo na mteja wa lambalamba ni mtu mmoja. Anakuja na kidogo, anataka kula hapohapo, na kesho atarudi iwapo leo hakudanganywa.

Sanduku la lambalamba linafanya kazi kwa hesabu hiyo. Muuzaji anaingia uchochoro ambao gari halipiti, kimuziki chake kikimtangulia, na watoto wanatoka ndani wakiwa na sarafu au wakiwa wanalia kuitafuta. Hauzi katoni, anauza moja moja. Na hayuko peke yake, kwa sababu karibu kila mtaa wa Buguruni una nyumba yenye jokofu na kibao cha mkono kinachosema barafu zinauzwa. Hizo ni za ukwaju, za ubuyu, za maziwa, zimefungwa kwenye vifuko vyembamba vya plastiki ambavyo mtoto anang'ata pembeni na kufyonza. Kiwanda hakikuivumbua hamu ya kulamba kitu cha baridi saa nane mchana. Kiliikuta mitaani, na ladha za ukwaju na embe ambazo viwanda vimezifunga kwenye vifungashio vyao zilikuwa ladha za majumbani muda mrefu kabla ya hapo. Ninaposema watu wa mtaani ni wajenzi wa chapa sisemi kwa kutaka kuwafurahisha. Ladha ilitoka kwao, njia za kuuzia ni zao, na jina la utani walilitoa wao.

Majina ya utani ya soka letu yana desturi yake, na desturi hiyo inaongeza nguvu kwenye hoja. Mtibwa Sugar, mabingwa wa 1999 na 2000, wanaitwa Wakata Miwa wa Turiani. Nao ni timu ya kiwanda cha chakula, lakini jina lao limetolewa upande wa kazi, kwa sababu watu wa Turiani wanaijua Mtibwa kwa jasho la shambani. Dar es Salaam haimjui Bakhresa kwa shamba, inamjua kwa mdomo, hivyo Azam ikapata jina la upande wa kula. Zamani zaidi, Yanga ilipogawanyika miaka ya 1970, pande mbili ziliitwa Raizoni na Kandambili: kiatu cha soli nene kilichokuwa fasheni ya wenye nazo, na ndala za wasio nazo. Aliyesikia majina hayo hakuhitaji maelezo ya nani alikuwa na nani. Mtaa umezoea kutumia vitu vya bei nafuu, vinavyovaliwa, kuliwa au kulambwa, kueleza mambo makubwa ya klabu, fedha na tabaka. Lambalamba imeingia kwenye orodha ya vitu hivyo, na orodha hiyo haina mlango wa nyuma wa kuingilia kwa kulipia.

Pingamizi la kwanza linakuja hapo hapo: kwamba yote haya yamenunuliwa. Kampuni ina timu, ina uwanja wake Chamazi, ina televisheni tangu Desemba 2013, ina matangazo kila kona. Mtu akisikia jina moja mara elfu kwa siku, lazima limkae kichwani. Pingamizi hili lina ukweli, lakini haliwezi kueleza kwa nini wadhamini wengine wenye fedha nyingi hawakupata kitu kama hicho. Bia ya Kilimanjaro iliwahi kuzidhamini Simba na Yanga kwa wakati mmoja. Mwaka 2017 kampuni ya kubashiri ya SportPesa nayo ikawa kifuani mwa jezi za klabu zote mbili. Hakuna shabiki aliyewahi kuiita Simba wala Yanga jina la bia au la kamari. Fedha zinaweza kukuweka kwenye jezi. Kukuweka kwenye utani wa watu ni kazi ambayo fedha haiifanyi, kwa sababu utani unadai kitu ambacho mtaniaji na mtaniwa wote wamekionja. Nje ya nchi yetu kuna mfano mzuri wa kulinganisha. Kwenye ufunguzi wa Michezo ya Jumuiya ya Madola jijini Glasgow mwaka 2014, wacheza dansi waliingia uwanjani wakiwa wamevaa umbo la keki ndogo za kampuni ya Tunnock's, kitafunwa ambacho Waskoti wanakihesabu kuwa chao. Ilipendeza, na mapenzi ya Waskoti kwa keki hizo ni ya kweli, lakini heshima ile ilipangwa na kamati. Wana Lambalamba haikupangwa na kamati yoyote.

Pingamizi la pili ni kali zaidi, na linatoka kwa watu wa mpira. Wanasema: kama chapa hii imo mioyoni, mbona majukwaa ya Chamazi hayafanani na ya Kwa Mkapa siku ya watani wa jadi? Azam ilitwaa ubingwa wa msimu wa 2013/14 bila kupoteza mechi hata moja. Mwaka 2015 ikachukua Kombe la Kagame kwa kuifunga Gor Mahia ya Kenya 2-0 kwenye fainali. Timu nyingine yoyote ingegeuza mafanikio hayo kuwa jeshi la mashabiki, lakini Buguruni ilibaki vilevile, nusu nyekundu nusu kijani, na jina la Lambalamba mara nyingi hutamkwa na mashabiki wa Simba na Yanga kwa nia ya kuishusha Azam, kana kwamba ni timu ya watoto. Nakubali kila neno la pingamizi hili, isipokuwa hitimisho lake. Mapenzi ya timu hurithiwa. Simba na Yanga zimekuwa kwenye familia tangu miaka ya 1930, zina matawi mitaani, zina misiba na harusi zake. Hakuna aiskrimu inayoweza kushindana na urithi wa babu. Lakini nafasi katika utamaduni wa watu haipimwi kwa idadi ya mashabiki peke yake, inapimwa pia kwa kuwa sehemu ya utani. Katika nchi ambayo makabila yanataniana kwa utaratibu unaoheshimiwa hadi makaburini, kutaniwa ni kukubaliwa. Mtu usiyemjua humtanii. Shabiki wa Simba anayeicheka Lambalamba anakiri kwamba anaijua ladha yake, na kwamba msikilizaji wake naye anaijua. Na Azam yenyewe imejifunza kuishi na jina hilo bila kulikana.

Kuna pingamizi la tatu ambalo nalipa uzito kuliko yote, kwa sababu linahusu nguvu. Kampuni iliyoanza na vitafunwa imekuwa kampuni inayoonyesha ligi ambayo timu yake inacheza. Yanga iliupinga waziwazi mkataba wa televisheni wa mwaka 2013, na mashaka hayo yalikuwa na msingi: si jambo la kawaida mshindani mmoja kushika kamera ya mashindano yote. Mwaka 2021 Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania lilisaini na Azam Media mkataba mwingine wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Fedha hizo zimezisaidia klabu ambazo zamani zilisafiri kwa kuombaomba, na yeyote aliyewahi kufuatilia ligi ya mikoani anajua tofauti hiyo si ndogo. Hata hivyo maswali ya nani anamiliki nini yanabaki halali, na yanapaswa kuulizwa bila woga. Hatari ya chapa inayopendwa ni kwamba mapenzi yake yanaweza kutumika kama pazia. Mtu anayesema lambalamba ni yetu sote hapaswi kumaliza sentensi yake kwa kusema basi mwenye kiwanda asiulizwe. Kwa upande wangu mantiki inakwenda kinyume: kwa kuwa watu wameshiriki kulijenga jina, wana haki zaidi ya kuliuliza.

Na hata hiyo televisheni, ikifika Buguruni, inashuka hadi kwenye kipimo cha sarafu. Wasio na king'amuzi nyumbani huenda kibanda umiza: chumba cha mabati, mabenchi ya mbao, skrini moja au mbili, ratiba ya mechi imeandikwa kwa chaki mlangoni, na kiingilio cha fedha ndogo. Mwenye kibanda ananunua kifurushi kwa mkupuo na kukiuza kwa vipande, kama muuza kangumu anavyonunua kiroba na kukiuza kwa vipande. Mlangoni kuna mama wa kachori, kuna kijana wa karanga na kashata, kuna ndoo ya maji baridi. Mechi ya ligi inayorushwa na kampuni moja kubwa inaliwa na watu hamsini waliochanga jero jero, na jioni hiyo kibanda kimoja kimelisha familia nne au tano zilizouza kitu mlangoni mwake. Hakuna mpango wa kampuni uliobuni vibanda umiza. Wamiliki wake walikuwepo tangu enzi za kanda za video, wakionyesha filamu za Kihindi na za mapigano, na walichofanya ni kuubadilisha mzigo wakaacha njia ileile.

Wapo pia wanaosema kiwanda kikubwa kinamuua mpikaji mdogo: mkate wa slesi na skonzi za kifungashio zinalifukuza andazi. Ningekuwa tayari kukubali kama ushahidi ungekuwa upande huo, lakini asubuhi ya Buguruni inaonyesha vingine. Mkate mzima unahitaji fedha ya mkate mzima. Andazi linahitaji fedha ya andazi, na mtu wa kibarua hulipwa kwa siku. Vitisho vikubwa kwa mpikaji viko kwingine. Tanzania inaagiza kutoka nje sehemu kubwa sana ya ngano yake, na Urusi ilipoivamia Ukraine mwaka 2022, bei ya unga na ya mafuta ya kula ilipanda hadi kwenye karai la uchochoroni. Mpikaji wa kitafunwa cha sarafu hana nafasi ya kuongeza bei kidogo kidogo. Kati ya mia na mia mbili ni vigumu kupata ngazi ya kukanyaga. Alichoweza ni kupunguza unene, kukata kangumu ndogo, kuipima hiliki kwa jicho la ubahili, mpaka siku inafika analazimika kuruka hadi mia mbili na kusikiliza malalamiko ya wateja wake wote kwa mpigo. Kiwanda kina maghala, kina mabenki na kina masoko ya nchi nyingine. Yeye ndiye aliyesimama mbele ya mteja.

Kitisho kingine ni cha mji wenyewe. Desemba 2018 Rais John Magufuli alizindua vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000 kila kimoja, na kwa muda muuza ndoo ya kangumu alikuwa na karatasi ya kumwonyesha mgambo. Oktoba 2021 upepo ukageuka: machinga wa Dar es Salaam wakatakiwa kuondoka kwenye hifadhi za barabara na njia za waenda kwa miguu na kuhamia maeneo waliyopangiwa. Msongamano ulikuwa wa kweli, na mwenye kiti cha magurudumu au mtoto anayekwenda shule ana haki ya njia. Lakini kitafunwa cha sarafu hakihamishiki kama nguo. Mtu anaweza kufunga safari kwenda kununua suruali kwenye jengo la ghorofa. Hakuna anayefunga safari kwenda kununua andazi. Linauzwa pale miguu inapopita au haliuzwi. Ukimwondoa mama wa maandazi Sheli ukampa kizimba mahali pasipo na kituo cha daladala, umemfungia biashara, hata kama kizimba chake kina paa na namba.

Katika mipango ya jiji, kiwanda cha unga kina eneo lake, ghala lina lake, duka la jumla la Kariakoo lina leseni yake na televisheni ina masafa yake. Karai la kangumu, ambalo unga wote huo unalielekea na ambako jina la kiwanda linapata imani ya watu, halimo kwenye ramani. Pale makutano ya Uhuru na Mandela panahitajika vitu vichache: upana wa njia unaotosha mtembea kwa miguu na meza ya futi tatu, bomba la maji ya kunawa, taa kwa ajili ya saa kumi na moja alfajiri, na ushuru unaolipwa kwa siku kwa kiwango ambacho mauzo ya ndoo moja yanaweza kukibeba. Gharama yake si kubwa ukilinganisha na barabara ya juu au stendi mpya, na wanaotakiwa kuulizwa meza zikae upande gani tayari wako pale kila alfajiri.